Kijana Afundishwe Kupima, Asipimiwe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi, wazazi na walimu katika ukumbi wa hekalu, wakati wa maadhimisho)



Kamati imeniomba niseme kwa Kiswahili, nami nimefurahi, maana humu ukumbini wamo vijana wa nyumba zetu pamoja na vijana wa nyumba za jirani wanaosoma nao darasa moja. Nimepewa robo saa na mada moja: namna ya kuwafundisha vijana kuamua kwa busara juu ya maisha yao ya baadaye. Mimi si mwalimu. Elimu yangu iliishia kidato cha nne. Nitasema kama mfanyabiashara aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi na uchimbaji kwa zaidi ya miaka arobaini.

Dukani kwangu huja wavulana kununua sururu, kamba, nyundo na tochi za kichwani. Mwaka jana alikuja mmoja akiwa bado amevaa suruali ya sare ya shule. Nilimwuliza umri wake, akasema miaka kumi na sita. Nilimwuliza anakwenda wapi, akasema kuna rashi ya dhahabu upande wa Geita, na rafiki yake amepata mgao wa mawe uliomwezesha kununua pikipiki. Nikamwuliza maswali matatu. Huyo rafiki yako alikaa miezi mingapi kabla ya kupata? Ni wangapi walioshuka naye katika duara lile? Na hao wengine leo wana nini? Hakuwa na jibu hata la swali moja. Nikakataa kumwuzia.

Siku ile nilirudi nyumbani nikijiona nimetenda jambo jema. Ni usiku nilipotambua kwamba alihitaji tu kuvuka barabara ili apate tochi ileile katika duka la pili. Nilimnyima tochi, lakini sikumpa njia ya kufikiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, na ni sheria njema. Lakini sheria ni mlinzi wa mlangoni. Haiwezi kuingia ndani ya kichwa cha kijana na kumfundisha kupima.

Nasema kupima kwa makusudi. Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hakuna mtu anunuaye hata gramu moja bila kuiweka kwenye mizani. Lakini maisha ya kijana, ambayo ni ya thamani kuliko dhahabu yote ya ukanda huu, huamuliwa bila mizani, na mara nyingi kwa mojawapo ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni la kijana asiyepima kabisa. Kosa la pili ni la mzazi anayempimia. Kosa la kwanza tunalijua na tunalikemea. La pili ni letu, na mimi ni shahidi wake.

Baba yangu aliniamulia. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alinipa funguo za ghala. Sikuulizwa, wala katika siku zile haikuwa desturi kuulizwa. Simlaumu, kwa kuwa biashara ilihitaji mikono. Lakini kwa sababu sikupata kujifunza kuamua, zamu yangu ya kuwa baba ilipofika nilijua njia moja tu. Kijana wangu wa kwanza nilimchagulia ufamasia, kwa kuwa katika jamii yetu ni kazi yenye heshima na duka la dawa halikosi wateja. Nilimchagulia tahasusi, nikamchagulia chuo, nikamchagulia hata mji. Katika mwaka wa pili aliacha masomo bila kuniambia. Nilipata habari baada ya miezi minne, kwa kinywa cha mtu mwingine.

Ndugu zangu, kilichoniuma si karo. Kilichoniuma ni kwamba mwanangu alikuwa na uamuzi mzito mikononi, na hakuniona mimi kuwa mtu wa kushauriana naye. Kwa miaka miwili tulipigiana simu siku za sikukuu tu. Leo ni fundi wa majokofu na viyoyozi, ana vijana aliowaajiri, na tunaongea. Lakini miaka ile miwili hairudi.

Wazee hupenda kusema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini kukunja si kuvunja.

Katika hekalu hili tunasoma Bhagavad Gita, na kwa miaka mingi niliisoma bila kuona jambo lililokuwa wazi mbele yangu. Kabla ya vita, Arjuna alimwomba Krishna alipeleke gari katikati ya majeshi mawili ili awaone kwa macho yake wale atakaopigana nao. Alipowaona alifadhaika, akauweka upinde chini, akakiri kwamba hajui la kufanya. Krishna alimsikiliza na kumjibu, swali kwa swali, katika mazungumzo ambayo kitabu chake kina sura 18. Na mwishoni, baada ya mafundisho yote hayo, hakumshurutisha. Alimwachia ayatafakari, kisha aamue mwenyewe. Ikiwa Krishna alimwachia Arjuna nafasi hiyo, mimi mwenye duka la misumari ni nani nimnyime mwanangu?

Basi, kwa mzazi na mwalimu anayetaka kumfundisha kijana kupima, nina mambo manne ya kusema.

La kwanza ni kumwezesha kuona kwa macho. Arjuna alisogezewa gari. Kijana wetu anapochagua mchepuo wa masomo, au tahasusi ya kidato cha tano, au mkondo wa amali, mara nyingi anachagua kitu ambacho hajapata kukiona. Anataka uhandisi na hajaingia karakana. Anataka udaktari na hajakaa wodini hata saa moja. Apelekwe akaone. Na yule anayetamani dhahabu asifichwe: akutane na mchimbaji mzee, amsimulie juu ya matimba yaliyooza, vumbi la karasha, na zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu. Asikie pia faida, maana zipo. Kijana akigundua kwamba umemweleza upande mmoja tu, hatakuuliza tena.

La pili ni kumzoeza kuuliza hadithi yote. Hapa kwetu Shinyanga kila mtoto amesikia kwamba Dkt. John Williamson aliokota almasi Mwadui mwaka 1940, kana kwamba alijikwaa tu juu ya utajiri. Hadithi yote ni kwamba mtu huyo wa Kanada alikuwa amesomea jiolojia hadi shahada ya uzamivu, alitafuta kwa miaka kadhaa bila kupata, na alipopata alikuwa na mwanasheria makini kando yake, wakili I. C. Chopra wa Mwanza. Hali kadhalika migodi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na ule mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kati yao imepita miaka 34. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa mgodi ule ulipofunguliwa alikuwa bado yuko shule ya msingi ulipofungwa. Sisemi haya ili kuidharau kazi ya madini, ambayo imelisha nyumba nyingi na yangu ikiwamo. Nasema kijana anayejenga maisha yake juu ya mgodi aulize: utakapofungwa, mikono yangu itakuwa inajua nini?

La tatu ni kumfundisha kutenganisha linalopendeza na linalofaa. Katika Katha Upanishad yumo kijana aitwaye Nachiketa, aliyefika mlangoni pa Yama, mfalme wa mauti, akaruhusiwa kuomba mambo matatu. La tatu aliomba kujua siri ya kifo. Yama alijaribu kumgeuza nia kwa kumwahidi tembo, farasi, dhahabu na umri mrefu. Nachiketa alikataa, kwa hoja kwamba vitu hivyo vyote vina mwisho. Ndipo Yama alipomsifu na kumweleza kwamba linalofaa ni jingine na linalopendeza ni jingine, na yote mawili humjia kila mtu. Tuangalie kwamba Nachiketa hakukatazwa dhahabu na mtu yeyote. Iliwekwa mbele yake, akaipima.

La nne ni kumpa nafasi ya kukosea jambo dogo kabla hajafikia kubwa. Kuamua ni ufundi, na ufundi hauji bila mazoezi. Kwa binti yangu nilijaribu njia tofauti. Alipokuwa kidato cha pili nilimkabidhi fedha za matumizi yake ya muhula mzima kwa mara moja. Katika wiki ya tano zilikwisha, na sikumwongezea. Muhula uliofuata aliandika daftari. Alipofika wakati wa kuchagua masomo ya juu, alikuja kwangu na daftari lilelile: amemwuliza nani, ameona nini, atapata nini, na atakosa nini. Alichagua uhasibu. Mimi nilitaka sheria. Nilisema sababu zangu mara moja, kisha nikanyamaza, na niseme kweli, kunyamaza kule kuliniwia kugumu kuliko kulipa karo.

Na kwa kuwa nimemtaja binti, niongeze neno. Katika jamii yangu na katika jamii za majirani zetu, wako mabinti wanaoamuliwa ndoa kabla hawajajua wanataka nini. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Binti naye ana mizani. Tusimpokonye.

Wanangu vijana, msije mkanielewa vibaya. Sikusema msisikilize wazazi. Arjuna aliuliza kabla ya kuamua, na aliuliza kwa unyenyekevu. Anayeamua bila kuuliza hajawa huru. Amekuwa mtumwa wa kitu cha kwanza alichokiona. Ulizeni sana. Na mkishaamua, bebeni wenyewe matokeo yake, wala msimtafute wa kumlaumu.

Ningependa hotuba hii isiishie kwenye makofi. Humu ukumbini wamo wenye karakana, maduka, zahanati, mashine za kukamua mafuta na ofisi za uhasibu. Naomba kila mmoja wetu, katika likizo ya Desemba, apokee vijana wawili kwa wiki moja, wa nyumba yoyote na wa dini yoyote, wakae, waone, waulize. Mimi nimeanza kwa kuandikisha wawili, na nafasi ya tatu ninaiacha wazi. Yule kijana wa tochi hajarudi dukani. Akirudi, safari hii nitampa kiti kwanza, kisha tuzungumze.

Mungu awabariki watoto wetu, na abariki nchi yetu. Jai Shri Krishna.