Kukata Titi Lote au Uvimbe Peke Yake



Leo hatusemi habari za mishahara, ingawa mshahara utaingia humu humu. Twasema juu ya kansa ya titi, na lile swali ambalo daktari humwuliza mama: tuondoe titi zima, au tuondoe uvimbe tu?

Wengi wetu twadhani kwamba kukata zaidi ndiko kupona zaidi. Hata madaktari waliamini hivyo miaka mingi. Lakini katika mwaka 1976 Daktari Bernard Fisher wa Marekani na wenzake walianza kulichungua jambo hili. Waliwafuata wanawake 1,851 miaka 20, na wale waliokatwa uvimbe tu hawakufa upesi kuliko waliokatwa titi lote. Hao walikuwa na kansa iliyoonekana mapema. Iliyokwisha enea mwilini ni habari nyingine.

Tofauti ilikuwa hapa: walioachiwa titi bila kutibiwa kwa mionzi, ugonjwa uliwarudia katika titi lile wanawake 39 katika kila 100. Waliopata mionzi, 14. Basi operesheni ndogo yataka mionzi, na mionzi yataka kwenda hospitali kila siku ya kazi, mara nyingi majuma 3 au 5. Hapo ndipo hesabu yetu inapoanza. Mchuma chai wa Kericho atalala wapi ikiwa mashine iko mbali? Nauli ya nani? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, katika mwaka mzima, isipokuwa mkataba wa chama umeongeza. Siku hizo zaweza kwisha kabla kidonda hakijapona.

Wala kukata lote si njia ya mkato. Wengine huhitaji mionzi vile vile. Tena kuna kwapa: tezi nyingi zikiondolewa, mkono waweza kuvimba miaka mingi, na mchuma chai hula kwa mkono wake. Jambo hili twaliona kubwa kuliko linavyosemwa.

Na ninyi waume, msiamue peke yenu. Mwenye titi ndiye mwenye kutia sahihi.

Dada, kabla ya kutia sahihi, uliza: nitahitaji mionzi? Siku ngapi, hospitali gani, na bima ya SHA italipa kiasi gani? Kwapani mtaondoa nini? Majibu yaandikwe, umletee karani wa tawi, tupate kumwomba tajiri likizo kabla ya siku ya operesheni.