Nyenzo Zinazobaki: Mahitaji ya Kiongozi wa Kanisa katika Kazi ya Misioni

Mada iliyotolewa kwa washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika



Usharika unapotimiza miaka mia moja, jambo la kwanza ni kumshukuru Mungu. Jambo la pili ni kuhesabu. Wazee husema asiyejua alikotoka hajui aendako. Hapana budi basi kuuliza ni vitu gani vilivyoiwezesha Injili kushika mizizi katika nchi hii, na ni vipi kati ya hivyo vinamfaa kiongozi wa leo ambaye usharika wake sasa unatakiwa kutuma, baada ya kupokea kwa muda mrefu.

Neno misioni linapotajwa mbele ya baraza la wazee, mara nyingi mawazo hukimbilia fedha, gari na bati za kuezekea. Vitu hivyo vina nafasi yake, na hakuna anayevidharau. Lakini historia ya Walutheri wa Tanzania inatoa kipimo kingine. Mara mbili katika karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa: kwanza kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, ambapo waliokuwa wamebaki Kilimanjaro walifukuzwa mwaka 1920, kisha walipowekwa kizuizini vita ya pili ilipoanza mwaka 1939. Fedha zilikatika na vituo vikabaki bila wenyewe. Hata hivyo ibada hazikukoma. Kilichobaki siku ile ndicho kinachostahili kuitwa nyenzo ya misioni.

1. Lugha na Maandiko

Nyenzo ya kwanza iliyobaki ni Neno katika lugha ya watu. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri kutoka Württemberg aliyetumwa na chama cha Kianglikana, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka huohuo wa kwanza alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Alifanya kazi ya lugha kwa miaka mingi, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Kilimanjaro, Johannes Raum wa Misioni ya Leipzig alitoa sarufi ya Kichagga mwaka 1909. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alitafsiri Agano Jipya kwa Kichagga cha Moshi.

Kazi hizo hazikufanywa na wageni peke yao. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1937 hujulikana kwa jina la Karl Roehl, mmisionari aliyefanya kazi Usambara. Lakini pamoja naye walikuwapo Martin Nganga, Andrea Ndekeja na Andrea Kajerero, ambao walipima kila neno kwa masikio ya wenye lugha. Kajerero alikuwa pia miongoni mwa Wahaya walioshika uongozi wa sharika za kwao wamisionari walipokuwa hawapo. Yule aliyesaidia kuliweka Neno katika lugha ndiye aliyeweza kulitunza kundi.

Fundisho kwa kiongozi wa leo ni wazi. Mwinjilisti wa Tanzania anayevuka mpaka hudhani kwamba Kiswahili kitamtosha. Kiswahili kinafika mbali, na ni zawadi kubwa. Lakini mama wa kijijini Malawi huomba kwa Chichewa au Kitumbuka, na mzee wa Rwanda hulia msibani kwa Kinyarwanda. Wageni wanaokuja kutumika Tanzania kwa muda mrefu wamekuwa wakipelekwa kwanza Morogoro, kwenye Shule ya Lugha ya Kanisa, wakajifunza kusalimia kabla ya kuhubiri. Usharika unaotuma mtu nje bila kumpa muda wa kujifunza lugha unamnyima jambo ambalo Kanisa hili liliwadai wageni wake.

Pamoja na Biblia hufuata kitabu cha nyimbo. Katika miaka ya 1960 Howard Olson, mwalimu wa Makumira kutoka Marekani, alikusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika na kuzichapisha katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Nyimbo hizo zilivuka bahari, na baadhi huimbwa leo katika makanisa ya Ulaya na Marekani. Wimbo hausubiri viza.

2. Kuwajua Watu

Nyenzo ya pili ni maarifa juu ya watu wanaoendewa. Gutmann aliishi Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, akasikiliza wazee, akaandika sheria na desturi za Wachagga katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1926. Aliamini kwamba Injili ijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, vifungo ambavyo Mungu alikwisha kuviweka kabla mmisionari hajafika. Kwa hiyo usharika wake haukuwa kundi la watu waliong'olewa kutoka kwa ndugu zao.

Hata hivyo, hata mjuzi huyo alikuwa na upande asiouona vizuri. Alihofu kwamba fedha na mji vitavunja vifungo vile. Wakati akiandika hayo, Wachagga wenyewe walikuwa wakipanda kahawa na kuunda chama cha wakulima, kilichofuatiwa na chama kikuu cha ushirika KNCU mwaka 1933, huku wakiwapeleka watoto shuleni. Hawakuona kwamba mti wa kahawa unawaondoa katika ukoo wala katika Kanisa. Mgeni anaweza kuzipenda desturi za watu kiasi cha kusahau kwamba watu hao nao wanasafiri kwenda mbele. Kiongozi wa misioni asome alichoandika mgeni, kisha amwulize mwenyeji.

3. Kumbukumbu ya Kweli

Nyenzo ya tatu husahauliwa sana katika sherehe, nayo ni kumbukumbu isiyofichwa. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, Meru. Majina yao yamehifadhiwa kwa heshima, na ni haki. Lakini pamoja nao walikufa Wachagga waliofuatana nao, na hao hutajwa kwa nadra. Baada ya hapo jeshi la wakoloni wa Kijerumani likaja kulipiza kisasi, na watu wengi wa Meru na Arusha wakapoteza maisha, mifugo na mashamba. Kwa mtu wa Meru wa kizazi kile haikuwa rahisi kutenganisha msalaba na bunduki, kwa kuwa vilionekana kuja kwa njia moja.

Jambo hili halisemwi ili kuwahukumu waliolala. Linasemwa kwa sababu Kanisa linalotuma leo nalo huenda na vitu vingine pamoja na Injili: jina la nchi yake, mazoea ya kabila lake, pengine dharau ndogo ambayo mwenye nayo haioni. Mwenyeji huiona siku ya kwanza. Kiongozi anayeifahamu habari ya Akeri kwa ukamilifu wake atamwuliza mjumbe wake swali gumu kabla ya safari: unaenda chini ya kivuli cha nani, na watu watakuona ukiwa umesimama upande gani?

4. Watu Waliofundishwa

Nyenzo ya nne ni watu. Wageni walipoondoka, waalimu wa shule za vijijini ndio walioendesha ibada, wakabatiza inapobidi, wakazika wafu na kutunza vitabu vya majina. Katika miaka ya 1930 wachungaji wa kwanza wa Kiafrika walikuwa wamebarikiwa Kilimanjaro na Arusha, na vita ya pili ilipokuja Kanisa halikuwa yatima kama lilivyokuwa mwanzo. Ndugu wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia kusimamia, lakini mzigo wa kila Jumapili ulibebwa na wenyeji.

Kutokana na fundisho hilo chuo cha theolojia kilianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954. Mwaka uliofuata, viongozi wa Kilutheri kutoka pande nyingi za Afrika walikutana Marangu. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Stefano Moshi akawa Mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1977, Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kati ya darasa la Lwandai na mkutano ule ilipita miaka 30 tu.

Mwaka huohuo wa 1977 ulitoa pia fundisho la upande wa pili. Kituo cha redio cha Fungamano kule Addis Ababa, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1963, kilitwaliwa na serikali ya Ethiopia mwezi Machi. Mitambo yenye nguvu kubwa ikapotea kwa siku moja. Lakini vipindi vya Kiswahili vilikuwa vikitayarishwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili, na ujuzi wa watayarishaji haukuweza kutwaliwa. Leo, wakati simu ya mkononi na intaneti vinabeba mahubiri hadi porini, neno hilo bado ni la kweli: mtambo ni wa kuazima, ujuzi ni wa kubaki.

5. Mapatano na Uwazi

Nyenzo ya tano ni mapatano ya kweli kati ya anayetoa na anayepokea. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri Kenya aliyashtua makanisa ya Magharibi alipopendekeza kusimamishwa kwa muda kwa wamisionari na fedha zao, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ulilichukua wazo hilo. Wengi walilikataa, na kusimama huko hakukutokea kama kulivyopendekezwa. Lakini swali lililoulizwa halikufa.

Makanisa yamejaribu kulijibu kwa kukaa meza moja. Katika Tanzania, ushirikiano wa misioni unaojulikana kama LMC unawakutanisha KKKT, dayosisi zake na vyama vya misioni vya ng'ambo, ili mipango ipangwe pamoja. Misioni ya Umoja wa Kiinjili, yenye makao Wuppertal, iligeuka mwaka 1996 kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na wachungaji wa Tanzania wamekwenda kutumika Ujerumani kama vile Wajerumani walivyokuja hapa. Mwaka 2004 Fungamano la Kilutheri lilitoa mwongozo wake kuhusu misioni, uliokazia mageuzi, upatanisho na kuwawezesha watu. Mwezi Machi 2018, mkutano wa dunia wa misioni na uinjilisti wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni ulifanyika Arusha. Mwaka 1910, mkutano wa namna hiyo ulipofanyika Edinburgh, kati ya wajumbe wapatao 1,200 Waafrika walikuwa karibu hawapo.

Hata hivyo, meza haifai kitu ikiwa daftari la mapato limefichwa. Sadaka ya mjane wa Ujerumani na sadaka ya mjane wa kijiji hiki zina haki moja: mwenye kutoa aelezwe ilifanya nini. Kiongozi anayetunza hesabu safi na kuisoma mbele ya washarika anajenga misioni kuliko yule anayeleta msaada mkubwa usiojulikana ulikoishia.

6. Zamu ya Kutuma

Wakimbizi wa Rwanda walioishi Tanzania miaka mingi walirudi kwao baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na baadhi yao, waliopokea imani ya Kilutheri wakiwa huku, wakaanzisha sharika katika nchi iliyojaa makaburi. Katika Malawi pia, Kanisa la Kilutheri lilianzishwa mwaka 1982 na Wamalawi waliolifahamu wakiwa Tanzania. Katika habari hizi mbili Injili haikubebwa kwanza na kamati. Ilibebwa na watu waliopokelewa vizuri ugenini, wakarudi nyumbani nayo. Usharika unaomkaribisha mkimbizi, mwanafunzi na kibarua wa kigeni tayari unafanya misioni ya nje bila kuvuka mpaka.

Kwa hiyo, baraza la wazee linapoketi kupanga kutuma, yako mambo machache ya kuwekwa mezani. Je, Kanisa la kule limeomba, au limearifiwa tu? Mjumbe amepewa muda gani wa kujifunza lugha? Nani wa kule atafundishwa kazi yake, na kwa miaka mingapi? Familia yake itatunzwaje, mshahara wake utoke wapi mavuno yakiwa mabaya? Na lililo kuu: mjumbe huyu akiondolewa kesho kwa vita, ugonjwa au amri ya serikali, kitabaki nini mikononi mwa wenyeji?

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba Antiokia ilifunga na kuomba, kisha ikawatuma Barnaba na Paulo, watu iliowahitaji yenyewe. Nao walipoanzisha makanisa hawakukaa milele. Waliweka wazee katika kila kanisa, wakawakabidhi kwa Bwana, wakaendelea na safari. Usharika huu ni tunda la watu waliokabidhi na la watu waliokubali kukabidhiwa. Karne yake ya pili itapimwa kwa idadi ya wale watakaoweza kuendelea bila yeyote aliyewatuma.

Mungu awabariki waliotangulia, awape hekima walio madarakani, na awaandae watoto watakaotumwa. Amina.