Vichezeo vya Mkononi: Tumuulize Mtoto Kwanza

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Nimeombwa niseme juu ya vile vichezeo vidogo vya kuzungusha, kubonyeza na kuminya ambavyo marafiki zetu wa ng'ambo wangependa kuwatumia watoto wetu wenye usonji.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mtoto mwenye usonji anaweza kuzidiwa na kelele, mwanga au mguso, na kurudiarudia tendo moja kwa mikono humtuliza. Si utundu, wala asichapwe kwa hilo. Profesa Temple Grandin wa Marekani, ambaye mwenyewe ana usonji, alipokuwa kijana aliona ng'ombe wakitulia ndani ya kibanio cha chanjo. Akajitengenezea chake cha mbao, kikambana mwili, akapata utulivu. Hakukinunua dukani.

Biashara ilikuja baadaye. Mwaka 2016 watengenezaji wa kijisanduku cha vibonyezo, Fidget Cube, waliomba michango ya dola 15,000 kwenye intaneti. Wakapata zaidi ya milioni 6. Mwaka 2017 vikavuma vizungushio vya mabawa matatu, vikitangazwa kuwa dawa ya usonji na ya kukosa utulivu darasani. Ushahidi wa kutosha haukuwepo, na shule nyingi za Marekani na Uingereza zikavipiga marufuku. Ndani yake mna beringi tu, kama ya baiskeli.

Wanunuzi wengine ni watu wazima wapenda kompyuta na sayansi, na hapa nawaomba tuwe macho. Vigololi vya sumaku vya Buckyballs viliuzwa kama kichezeo cha mezani cha wakubwa. Watoto wakavimeza. Sumaku mbili zikiwa tumboni huvutana na kuubana utumbo hadi ukatoboka. Mwaka 2012 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa iliishtaki kampuni iliyoviuza.

Kwa hiyo, wafadhili, msitume sanduku la mchanganyiko. Mtoto mmoja hupenda kuminya. Mwenzake hukerwa na ule mlio wa kubonyeza. Huenda mwingine tayari ana kipande cha kitenge cha mama yake, na hataki kingine.

Kila kamati ikae na wazazi, iandike kwa kila mtoto kinachomtuliza na kinachomkera. Orodha zifike ofisini kabla bajeti haijapangwa, na safari hii tusisubiri kukumbushwa kwa simu.