SAFARI YETU YA SINGAPORE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Meru na Embu)



Mmetutaka tuwaeleze habari za Singapore, nasi twaleta tuliyoyaona kwa macho na kuyauliza kwa kinywa. Mji ule ni nchi kamili, iliyojitawala peke yake tangu tarehe 9 Agosti 1965. Jua lao latangulia letu saa tano: sisi twaenda shambani saa moja asubuhi, wao wamekwisha fika saa sita ya mchana.

Wachina ni kama watatu katika kila watu wanne, na wako Wamalei na Wahindi pia. Lugha za serikali ni nne. Ukila ndani ya treni faini yaweza kufika dola 500, na duriani hairuhusiwi humo kwa harufu yake. (Mtu wa Igembe naye aache miraa yake Maua, sheria yao ya madawa haina mchezo.)

Kilichotupendeza zaidi ni masoko ya chakula. Zamani wachuuzi walipika njiani wakifukuzwa huku na huku, mambo tuyajuayo. Miaka ya 1970 serikali iliwajengea masoko yenye paa na maji ya bomba. Leo Mmalei auza wali karibu na Mchina wa tambi na Mhindi wa chapati, na karani na mfagiaji hukaa meza moja. Mpishi wa chai huimimina toka kikombe kilicho juu mpaka kilicho chini, ikavutika kama kamba. Sisi wachuma majani wa Githongo na Mungania hatukupata kuona chai ikitendewa hivyo! Nayo ni tamu.

Sasa jambo la nyumba, ndilo lenye uzito. Wenyeji karibu wanane katika kila kumi hukaa nyumba zilizojengwa na serikali, na tangu 1989 kila jumba lina kipimo, kabila moja lisilijaze peke yake. Wazinunua kwa mfuko wa akiba ulioanzishwa 1955. Asiyezidi miaka 55 hukatwa asilimia 20, tajiri naye huongeza 17, na fedha huandikwa kwa jina la mfanyakazi mwenyewe. Tangu 1968 aweza kuzitoa anunue nyumba.

Sisi, kwa Sheria ya Nyumba ya 2024, twakatwa asilimia moja na nusu, na tajiri hutoa kiasi hicho hicho. Ni kidogo, lakini haiandikwi akiba kwa jina la mtu. Hapo ndipo twaona tofauti.

Lakini msidhani kule ni peponi. Wanaojenga majumba yale wengi ni wageni kutoka Bangladesh na India. Hawamo katika mfuko ule, na wengi wao hulala mabwenini, wengi chumba kimoja. Ndiyo sababu mwaka 2020 korona iliwapata wao kuliko wote. Na Novemba 2012 madereva 171 wa mabasi, watu wa Uchina, waligoma kwa ajili ya mshahara na malazi: watano walifungwa, 29 wakarudishwa kwao. Vijana wetu waendao kazi Ghuba wasikie hayo, maana huko nao ni wageni.

Mkutano ujao kila mtu aje na karatasi zake za mshahara za miezi mitatu, tutazame pamoja kilichokatwa. Asiyepewa karatasi na tajiri wake amwone katibu wa tawi kabla ya siku hiyo.