DAFTARI LA MASOMO LISIBAKI NYUMA YA LANGO LA JELA

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nakuru. Yamepigwa chapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya masomo ya wafungwa, na hasa juu ya hesabu na kumbukumbu za masomo hayo. Najua wako wanaojiuliza, jambo hili lahusu nini wafanya kazi? Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mniulize.

Siku moja alifika ofisini kwetu mtu aliyekuwa ametoka kifungoni. Jina lake silitaji, wala jela aliyofungwa, wala mahali alipoandikwa kazi. Mtu huyu alijifunza useremala akiwa ndani. Alifanya mtihani wa ufundi, lakini kabla majibu hayajarudi akahamishwa jela nyingine. Alipofunguliwa hakuna aliyejua karatasi yake iko wapi. Alipata kazi penye karakana, akaandikwa kibarua wa kubeba mbao. Baada ya mwezi mmoja msimamizi akaona mkono wake, akampa kazi ya kuunga meza na milango. Mshahara ukabaki ule ule wa kubeba mbao. Alipouliza, akaambiwa: lete cheti.

Ndugu zangu, hapo ndipo jambo hili linapotuhusu. Amri ya mishahara ya chini katika Kenya inataja kibarua wa kawaida, tena inataja fundi asiye na daraja, fundi wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na kila mmoja ana kiwango chake. Kinachompandisha mtu kutoka ngazi moja hadi nyingine ni ile karatasi ya mtihani wa ufundi, ambayo hivi leo hutolewa na NITA, Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Mwenye kazi akipata fundi kwa bei ya kibarua, hataona haja ya kumlipa fundi mwingine bei ya haki. Kwa hiyo karatasi iliyopotea jela inakata mshahara wa huyu aliyefungwa, na baadaye itakata wako wewe ambaye hujapata kuingia jela hata siku moja.

Sasa tutazame jinsi hesabu inavyowekwa. Katika jela zetu, hapa Nakuru na kule Naivasha, wako watu wanaosoma. Miaka mingi wafungwa walifanya mtihani wa KCPE, mpaka ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na wako wanaofanya KCSE. Matokeo yakitoka magazeti hutuandikia habari ya mfungwa aliyefaulu, nasi hufurahi. Lakini hiyo ni hesabu ya waliofika mwisho. Je, walioanza walikuwa wangapi? Wangapi walihamishwa katikati ya mwaka? Wangapi walifunguliwa kabla ya mtihani? Mkulima anayehesabu magunia bila kukumbuka alipanda eka ngapi hawezi kujua kama shamba lake limezaa au limemtia hasara.

Tena fikirini habari ya tarehe. Sheria ya magereza humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mwema theluthi moja ya kifungo chake. Hilo ni jambo jema. Lakini mtihani una tarehe yake, na mtu huandikishwa mapema katika kituo kimoja. Akifunguliwa mwezi wa nane na mtihani ni mwezi wa kumi na moja, yeye yuko nje na nambari yake ya mtihani iko ndani. Asipokuwapo mtu wa kulifuata jambo hilo, mwaka mzima wa masomo umemwagika kama maziwa.

Na anayeweka daftari ni nani? Mara nyingi mwalimu ni mfungwa mwenzao, pengine aliyekuwa mwalimu kabla ya kufungwa, ama ni askari jela aliyesomea ualimu. Watu hawa wanastahili shukrani. Lakini daftari la mahudhurio likiwa ni la mtu mmoja tu, siku atakapoondoka huondoka nalo. Na askari jela hana chama cha kumsemea, maana sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007 imewaweka askari wa magereza nje ya haki ya vyama. Tusimlaumu basi. Yeye anafanya kazi ya mlinzi, ya mwalimu na ya karani kwa mshahara mmoja.

Mwaka 2017 serikali ilianzisha daftari la kompyuta liitwalo NEMIS, ili kila mtoto wa shule awe na nambari yake itakayomfuata akihama. Nia ilikuwa njema. Lakini daftari lile lilijengwa juu ya shule na juu ya cheti cha kuzaliwa. Kijana aliyekamatwa na kuwekwa mahabusu ya watoto huondoka darasani bila kuaga. Mwalimu wake wa kwanza anaandika kwamba ametoroka shule, na kule aliko hakuna anayejua alikuwa ameishia wapi. Mtoto huyo anaweza kuwa wa kwako au wa kwangu.

Wazee wetu watasema: sisi tunalijua daftari, na hatulitaki. Wanasema kweli. Kuanzia mwaka 1920 mfanya kazi Mwafrika alivishwa kipande shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Mliandikwa humo alama za vidole, mshahara, na tarehe ya kuingia na kutoka kazini. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa mwaka 1922. Kwa nini kilichukiwa? Kwa sababu kiliandikwa na bwana kwa faida ya bwana. Mimi naomba kitu kilicho kinyume chake: daftari la faida ya mwenye jina, ambalo yeye mwenyewe anashika nakala yake, na ambalo mwenye kazi halioni mpaka yeye amekubali. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 inatupa nguvu ya kudai hivyo.

Wala kusoma kifungoni si jambo geni. Josiah Mwangi Kariuki alikamatwa hapa Nakuru mwaka 1953, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1963 kinasimulia jinsi watu walivyofundishana katika kambi za kizuizini. Walitoka na elimu, lakini bila karatasi. Si vema sisi wa leo tubaki pale pale.

Mataifa ya ulimwengu yamekwisha kulisema jambo hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, ambazo zimepewa jina la Nelson Mandela, zinasema masomo ya wafungwa yaungane na masomo ya nchi, ili mtu akitoka aendelee bila taabu. Na kanuni za mwaka 1990 juu ya vijana waliofungiwa zinasema cheti chao kisionyeshe kwa namna yo yote kwamba walikuwa kifungoni.

Kwa hiyo naleta maombi manne mbele ya mkutano huu. La kwanza, mtu aandikwe siku anayoanza kusoma, si siku ya mtihani tu. La pili, akihamishwa, karatasi zake za masomo zisafiri pamoja naye, na siku ya kufunguliwa apewe nakala mkononi. La tatu, cheti chake kisiwe na alama ya jela. La nne, tawi letu limteue mtu mmoja wa kuwasaidia wanaotoka kuandika barua kwa NITA na kwa Baraza la Mitihani, kutafuta majibu yaliyopotea. Hili la nne halingoji serikali. Linaweza kuanza Jumatatu.

Mtu mmoja aliniambia: watoto wetu wenyewe hawana karo, kwa nini tuwahangaikie waliokosa? Nilimjibu kwamba mahakama imekwisha kumhukumu, na hukumu ina mwisho. Siku atakayotoka atakuja kusimama kwenye lango la kazi unaposimama wewe. Afadhali asimame na cheti chake.

Umoja ni nguvu.