Mgeni wa Mjini na Elimu ya Pwani



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za watu watokao Dar es Salaam kuja kukaa katika pwani ya kaskazini, tangu Mapinga hata Bagamoyo, na mbele zaidi karibu na mto Wami. Sisi tu miongoni mwao. Toka Dar es Salaam hata Bagamoyo ni mwendo wa kilometa 70 hivi, nao huisha kwa siku moja. Lakini kuzoesha macho na masikio mambo ya huku ni kazi ya miaka.

Mtu wa mjini akifika huku, neno lake la kwanza ni kwamba hapana kitu cha kutazama. Tusimlaumu. Mjini saa humwambia wakati, taa humfichia nyota, na bomba humletea maji asijue yatoka wapi. Aweza kukaa mwaka mzima asitambue kama mwezi ni mchanga au mpevu. Na tukumbuke kuwa Bagamoyo si pori: ulikuwa mji mkuu wa nchi hii wakati wa Wadachi, mpaka mwaka 1891 makao ya serikali yalipohamishiwa Dar es Salaam. Huko Kaole, mwendo mfupi kusini yake, yako magofu ya misikiti na makaburi, na msikiti wa kwanza ulijengwa katika karne ya 13. Wakazi wake walikuwa wafanya biashara, nao walijua bahari.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa bahari yenyewe. Tulikuta kwamba wavuvi hawaendi kwa saa ya ukutani. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kitu kidogo, hata kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hapo mchanga na miamba huwa wazi mbali, na watu hutoka kwenda kutafuta pweza na chaza. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Mtoto wa pwani ayajua haya kabla ya kujua kuandika jina lake. Sisi tulijifunza tukiwa watu wazima.

Mwalimu wa pili ni upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, ndio uliowaleta mabaharia wa Arabuni zamani. Kisha huja masika, na kusi hushika zamu yake kwa miezi ya baridi, bahari ikachafuka, na vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi. Alfajiri upepo hutoka bara, nao ndio unaowatoa wavuvi. Mtu akiisha kujua haya, akisimama ufukoni haoni tena maji matupu. Aona ngalawa inakwenda, naye ajua kwa nini inakwenda saa ile.

Mwalimu wa tatu ni mikoko. Mgeni huiita yote kwa jina moja, na huiona kuwa kichaka cha matope, mbu na harufu. Lakini mwenyeji hutaja kila mti kwa jina lake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukielekea bahari. Mafundi wa vyombo hupenda mbao zake kwa mataruma. Mkoko husimama juu ya mizizi yake kama mtu juu ya magongo. Mchu huchomoza vijiti vingi toka matopeni ili upate kuvuta hewa. Mkandaa, gamba lake hutumiwa kutia rangi na kutengeneza ngozi. Na chini ya miti hii yote hukua kamba wadogo na samaki wadogo, ambao baadaye huenda bahari kuu na kurudi katika nyavu za wavuvi.

Basi hapa lipo jambo la kutiliwa moyo. Watu wanaohamia pwani huongezeka, kwa kuwa Dar es Salaam, kwa hesabu ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 5. Kila mmoja atakaye kiwanja apenda kuiona bahari kutoka barazani kwake, na mti ukimzuia macho, shoka liko karibu. Mikoko ni hifadhi kwa sheria, haikatwi bila ruhusa. Lakini sheria haiwezi kukaa kila ufuko. Mkabala wa Pangani kilikuwako kisiwa cha Maziwi, chenye miti, na kasa wengi walitagia pale. Ilipofika miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga, hufunikwa maji yajaapo. Na ukataji wa miti hutajwa miongoni mwa sababu zake.

Kasa wangali wakija katika ufuko wa Madete, katika hifadhi ya Saadani, ambako wanyama wa bara hufika hata ukingo wa bahari. Kasa mmoja hutaga mayai mia na zaidi mchangani, akayafukia, akarudi majini. Yapata miezi miwili baadaye watoto hutoka usiku, nao hufuata mwanga ulioko juu ya bahari. Taa kali ya nyumba ikiwaka nyuma yao, huigeukia taa, wakapotea bara, wakafa. Kuzima taa ya ufukoni hakumgharimu mtu hata senti moja.

Na aliyebaki mjini asidhani kwamba haya si yake. Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam yatoka mto Ruvu, ushukao milima ya Uluguru na kuingia bahari karibu na Bagamoyo. Anywaye kule ni jirani wa kiboko wa huku.

Tuna maneno mawili ya shauri. Kwa wageni wenzetu: kabla hujakata mti, uliza jina lake, na uliza ni wa kazi gani. Kwa ninyi wenyeji: msimcheke aulizaye. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asiyefundishwa aweza kuwa ugonjwa. Na ninyi wanafunzi, chukueni daftari, mwandike kwa mwezi mmoja saa ya maji kujaa, sura ya mwezi, na upepo utokako. Kisha mwonyesheni mzee mmoja mvuvi mliyoyaandika, naye atawaongezea yasiyomo katika kitabu chochote.