Alama za Ndege ya Vita na Habari Zake

Leo twapenda kueleza jinsi watu watambuavyo eropleni iliyopotea vitani: ilikuwa ya nani, na ilitumwa kazi gani. Mfano wetu watoka Ufaransa.

Katika Vita Kuu ya Pili ndege ilichukua alama za namna mbili. Ya kwanza ni rangi, nayo ilitangaza taifa. Ndege za Kifaransa zilichorwa duara tatu, moja ndani ya nyingine: buluu katikati, kisha nyeupe, na nyekundu nje. Waingereza walitumia rangi zizo hizo, lakini nyekundu yao ilikuwa katikati na buluu nje. Tena, Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, Wafaransa wenyewe waligawanyika. Wa serikali ya Vichy walikuja kupaka mistari ya manjano na nyekundu mkiani. Waliomfuata Jenerali de Gaulle walitumia msalaba wa Lorraine, wenye miti miwili ya kukingama. Basi asiyetazama vema angaliweza kumdhani rafiki kuwa adui.

Alama ya pili ni namba. Rangi hutaja kabila zima. Namba humtaja mtu mmoja kwa jina lake.

Tarehe 31 Julai 1944 Antoine de Saint-Exupéry, mwandishi mashuhuri mwenye umri wa miaka 44, aliruka kutoka kisiwa cha Corsica. Alikuwa rubani wa kikosi cha upelelezi cha Kifaransa, namba II/33. Ndege yake iliundwa Marekani na kiwanda cha Lockheed. Ilikuwa na mitambo miwili, haina bunduki hata moja, bali vyombo vya kupigia picha. Alitumwa kupiga picha za nchi iliyoshikwa na adui, upande wa Grenoble na Annecy. Hakurudi.

Kwa zaidi ya miaka hamsini watu walibuni mengi. Wengine walisema ameanguka milimani, wengine baharini. Wengine wakanong'ona kwamba amejiua. Maiti hawezi kujitetea.

Mwaka 1998 mvuvi wa Marseille alivuta wavu wake akaona bangili ya fedha iliyoandikwa jina la rubani huyo na la mkewe. Wengi hawakusadiki. Mwaka 2000 mzamaji alitambua mabaki ya ndege karibu na kisiwa cha Riou, yakatolewa mwaka 2003. Duara za rangi zisingetosha kujibu swali lao, kwani ndege nyingi zilikuwa nazo. Hatimaye, mwaka 2004, kipande kimoja kilionekana kimegongwa namba 2734 na herufi L, maana yake upande wa kushoto. Hiyo ndiyo namba ya kiwanda. Wakatazama daftari, wakakuta ndege hiyo iliandikwa jeshini 42-68223, nayo ndiyo aliyopewa Saint-Exupéry siku ile. Bangili, namba na daftari: mashahidi watatu wakapatana.

Lakini angalieni, wasikilizaji. Namba ilitwambia alipoanguka; haikutwambia kwa nini. Mwaka 2008 mzee wa Kijerumani, aliyekuwa rubani vitani, alidai kwamba ndiye aliyempiga. Hakuna daftari la vita lililothibitisha maneno yake. Kwa hiyo hatuna ruhusa kuyaandika kama kweli, wala kuyarudia yale ya kujiua.

Nasi walimu twawaambia wanafunzi wetu: jambo lililoshuhudiwa liandikeni kwa wino, lililosikiwa tu liacheni kwanza. Mabaki ya ndege ile yamewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Le Bourget, karibu na Paris. Ni vipande vya bati vilivyoliwa na chumvi, lakini namba ndogo iliyogongwa na fundi asiyejulikana imemrudishia mtu mahali pake pa kufia.